Kaka hataki kulazwa na akiba ni ndogo: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu ana miaka 34. Tangu afiwe na mke wake, huu ni mwaka wa pili, anakunywa pombe kali kila siku, tena akiamka tu. Usiku anameza vidonge vya usingizi. Aliandikiwa wakati wa msiba, sasa anavinunua mwenyewe. Mwezi uliopita alilia mbele yangu akasema yuko tayari kutibiwa, ila kulazwa hataki: ana watoto wawili, na kazini bado hawajamfukuza. Kituo kimoja cha kulala kinataka tulipe miezi mitatu kwa mkupuo na kinataka jibu wiki hii. Bima ya kazini kwake tumeambiwa haigusi mambo ya ulevi. Nina akiba kidogo niliyojinyima. Je, anaweza kutibiwa akitokea nyumbani? Nianzie wapi, na nitalipaje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Hiyo akiba iache palepale ilipo kwanza. Kituo kinachotaka pesa ya miezi mitatu kabla hakijamwona mgonjwa kinauza kitanda, na hilo la "jibu wiki hii" ni lugha ya dalali wa viwanja. Ndiyo, kaka yako anaweza kutibiwa akitokea nyumbani. Wengi wenye uraibu hutibiwa hivyo. Lakini katika barua yako kuna sentensi mbili ulizozipitia haraka, nami ndiko ninakotaka tuanzie: pombe kali akiamka tu, na vidonge vya usingizi usiku.

Mtu anayehitaji pombe ili aanze siku, mwili wake umeshajipanga kuishi na hiyo pombe. Pombe hupooza ubongo, nao ubongo kwa miezi na miaka hujibu kwa kujichochea zaidi ili usilale. Ukiondoa pombe ghafla, kile kichocheo kinabaki peke yake. Hiyo ndiyo arosto ya pombe, na watu huichukulia poa kwa sababu pombe inauzwa hadharani. Arosto ya heroini humtesa mtu mpaka akajuta kuzaliwa, ila kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni nadra kumuua. Ya pombe inaweza kuua. Saa 6 mpaka 24 baada ya kinywaji cha mwisho huja mtetemo wa mikono, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Degedege, kama itakuja, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wachache huingia kwenye hali ambayo madaktari huiita deliriamu tremensi: mtu anachanganyikiwa, anaona visivyokuwepo, anapata homa, shinikizo la damu linapanda. Hapo ni dharura, akimbizwe hospitali usiku huohuo.

Vidonge navyo, kama ni vya jamii ya diazepamu, vina arosto ya aina hiyohiyo, ila inaweza kuchelewa kuanza kwa siku kadhaa. Basi hata pombe ikishatoka salama, hatari ya vidonge bado iko njiani. Na vikimezwa juu ya pombe, viwili hivyo husaidiana kupunguza pumzi. Wako watu waliolala usingizi huo wasiamke.

Kwa hiyo asiache ghafla, nawe usimfichie chupa. Najua inasikika vibaya kutoka kwa mtu wa kazi hii. Mama mmoja aliwahi kuniletea kijana wake kwenye machela. Ijumaa jioni walikuwa wamemwaga chupa zote kwenye sinki, yeye na mwanawe, wakicheka, kwa sababu kijana mwenyewe ndiye aliyeomba. Jumapili alfajiri akaanguka bafuni kwa degedege, akavunjika jino la mbele. Mama alikuwa ameshika lile jino kwenye leso, ananiuliza kosa lake ni nini. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba pombe ya namna hiyo hupunguzwa au huachwa chini ya macho ya daktari, kwa dawa za kutuliza ambazo dozi yake inashuka siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Basi pesa ya kwanza kuitoa ni ya kumwona daktari, hata daktari wa kawaida wa hospitali ya jumla. Atamuuliza kama amewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipokosa pombe, ana ugonjwa gani mwingine, anameza vidonge vingapi, na nyumbani kuna mtu mzima wa kukaa naye. Majibu yakiwa mazuri, ataachishwa pombe akiwa nyumbani, huku akionwa kila siku au karibu kila siku kwa muda wa wiki moja hivi. Majibu yakiwa mabaya, na hivyo vidonge vinanitia wasiwasi, atalazwa siku chache kwenye wodi ya kawaida. Vidonge vyenyewe hupunguzwa taratibu zaidi, kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Akigoma kulazwa, mweleze hesabu hiyo: siku chache za kusimamiwa, kisha arudi kwa wanawe. Anachokikataa yeye ni miezi mitatu, na kwa hilo sitamlaumu.

Hapa familia nyingi hulipa mara mbili bila kujua. Kuachishwa pombe ni kitu kimoja, tiba ya uraibu ni kitu kingine. Ya kwanza huisha ndani ya siku kadhaa na ni matibabu ya mwili, yana bili yake. Ya pili ndiyo inayomfundisha mtu kuishi Jumatatu hadi Jumapili bila chupa, na ndiyo ndefu. Ukiishia kwenye ya kwanza ukadhani kazi imekwisha, baada ya wiki chache utarudi ulikotoka, na mfuko mtupu.

Mwili ukishatulia, kinachofuata ni tathmini kamili. Lipia hiyo kabla ya kulipia mpango wowote, na ukitoka udai maandishi. Tathmini nzuri huchukua saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 kuhusu pombe yanayoitwa AUDIT, yenye alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji ni wa hatari, na kuanzia 20 mtaalamu hushuku utegemezi na kuchimba zaidi. Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuna mengine 9, PHQ-9, yanayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama 10 na kuendelea si za kupuuza. Maswali haya hayatoi hukumu peke yake, lakini mtaalamu asiyeuliza chochote cha namna hii, anayekwambia "huyu namwona tu", mwage.

Nasisitiza sonona kwa sababu ya msiba. Kaka yako anakunywa juu ya jeraha. Ugumu ni kwamba pombe nayo huzaa huzuni yake, kiasi kwamba kwa wengine huzuni hupungua sana wiki mbili hadi nne baada ya kuacha, bila dawa yoyote ya sonona. Kwa hiyo mtaalamu makini anaweza kusema tusubiri kidogo tumpime tena. Kusubiri huko kuna masharti mawili. Kama sonona ilikuwepo kabla ya pombe, hakuna haja ya kusubiri. Na kama ana mawazo ya kujiua, hakuna kusubiri hata siku moja. Muulize wewe mwenyewe, kwa maneno ya wazi: "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo na ana namna aliyoipanga, asibaki peke yake, na mpeleke hospitali leo. Vile vidonge vitoke mikononi mwake, uvitunze wewe na umpe vya siku moja moja mpaka daktari aseme vinginevyo.

Na tafadhali usikubali kile kitu cha "aache pombe kwanza ndipo tumtibu akili", au kinyume chake. Mambo hayo mawili hutibiwa pamoja, ikiwezekana chini ya paa moja. Mgonjwa anayerushwa kati ya milango miwili mwishowe hutoka kwa mlango wa tatu, wa baa.

Sasa, tiba bila kulazwa inafananaje? Wengi hudhani ni kwenda kuzungumza na mnasihi nusu saa kisha kurudi nyumbani. Iko hiyo, ya saa moja au mbili kwa wiki, na inawafaa wenye tatizo jepesi au waliokwisha kusimama. Kuna ya kati, ambayo mgonjwa huhudhuria walau saa 9 kwa wiki, kwa kawaida siku tatu za saa tatu tatu. Na kuna ya kushinda mchana, saa 20 au zaidi kwa wiki, jioni analala kwake. Mimi kwa kaka yako ningeulizia ile ya kati, na ningeulizia vikao vya jioni kwa sababu ya kazi. Ndani ya zile saa tatu kuna kikao cha kundi, mazungumzo ya ana kwa ana, pengine kipimo cha pumzi au mkojo, na mara moja moja familia huitwa. Kwenye kundi hakuna mahubiri. Mtu anasimulia kwamba Jumamosi alipita kwenye kona anayoijua, miguu ikamzunguka yenyewe, na wenzake wanamuuliza: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umekula, ulikuwa na pesa mfukoni, ulimpigia nani? Baada ya wiki kadhaa anaanza kujiuliza hayo kabla hajafika kwenye kona.

Kuna na dawa, ambazo vituo vingi havizitaji kabisa, na hilo huniudhi. Kwa pombe kuna naltreksoni, ambayo hupunguza raha ya kunywa na ile hamu ya kuongeza nyingine. Haifai kwa anayetumia dawa za jamii ya afyuni, kama heroini au mofini, na ini hupimwa kwanza. Kuna akamprosati, ambayo humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi, na kwa hiyo figo hupimwa kwanza. Hizi mbili ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, kwa hiyo mtu akikwambia "hakuna dawa ya pombe" amechelewa. Disulfiramu ni ya zamani zaidi. Ukinywa juu yake unaumwa vibaya, hivyo haipewi mtu kwa siri kwenye chai, hata kama mke au dada ana nia njema kiasi gani. Zote zina matoleo yasiyo na jina la kampuni kubwa, ya bei nafuu, yenye kazi ileile. Muulize mfamasia.

Kwa msomaji mwingine ambaye nduguye yuko kwenye heroini: huko dawa ndiyo uti wa mgongo wa tiba. Methadoni ilianza kutumika hivyo New York katikati ya miaka ya 1960, kwa kazi ya madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, nayo pamoja na buprenofini ziko kwenye orodha hiyo ya dawa muhimu tangu 2005. Anayekwambia ni "kubadilisha ulevi kwa ulevi" hajawahi kuona mtu akirudi kazini kwa dozi ya asubuhi. Kwa kokeini na jamii ya amfetamini bado hakuna dawa ya kutegemewa, na kinachosaidia zaidi ni mipango inayompa mtu zawadi ndogo kila kipimo chake kinapokuwa safi. Nayo hufanywa nje, bila kulazwa.

Turudi kwako. Kutafuta mahali. Usianze na matangazo. Anza na daktari atakayemwona kwa ajili ya arosto: muulize, "Wewe ndugu yako ungempeleka wapi?" Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya umma ni hatua ya pili, hata kama foleni ni ndefu. Mwandikishe leo, foleni itembee huku mkiendelea kutafuta. Vyuo vinavyofundisha saikolojia na ushauri nasaha mara nyingi vina kliniki ambazo wanafunzi wa mwisho huhudumia chini ya usimamizi kwa malipo kidogo. Watu huzidharau, lakini mwanafunzi anayesimamiwa vizuri wakati mwingine humsikiliza mgonjwa kuliko mkongwe aliyechoka.

Ukipata majina matatu, piga simu. Uliza nani atakayemtathmini, na ana leseni gani. Uliza kama wanatibu sonona pamoja na pombe. Uliza kama wanatoa dawa au wanashirikiana na daktari anayezitoa. Kisha uliza hili, na unyamaze usikie: "Akiteleza akanywa, mnafanyaje?" Kituo kinachojibu "tunamfukuza" au "anaanza upya na kulipa upya" kikate kwenye orodha. Kuteleza ni sehemu ya ugonjwa huu, kama sukari inavyopanda kwa mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akijitahidi. Kliniki inayomfukuza mgonjwa kwa kuugua ugonjwa aliokuja nao hainiingii akilini mpaka leo. Nakimbia pia anayeahidi kupona kwa asilimia mia, anayefunga watu minyororo, anayezuia familia kumwona mgonjwa, na anayekataa kuandika bei. Halafu yuko yule mtu mwenye huruma aliyekupigia simu akakuelekeza kituo. Muulize kama analipwa kwa kila anayempeleka. Wengi hulipwa, na sauti yao hubadilika ukiwauliza.

Sasa pesa. Na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza bima. "Tumeambiwa haigusi ulevi": mmeambiwa na nani? Kama ni mtu wa mapokezi kituoni, neno lake si mkataba. Kaka aombe kitabu cha masharti ya bima yake, aangalie ukurasa wa visivyolipiwa. Mara kwa mara nimekuta kilichoandikwa ni kwamba bima hailipi majeraha yaliyompata mtu akiwa amelewa. Hicho ni kitu kingine kabisa na tiba ya utegemezi wa pombe. Kisha aangalie sehemu ya afya ya akili, kuna vikao vingapi kwa mwaka, na sehemu ya wagonjwa wa nje, ukomo wake ni kiasi gani. Hata pale ambapo uraibu umetengwa kweli, arosto yenye hatari ni dharura ya mwili, na sonona ni ugonjwa wa akili unaojitegemea. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, ICD-10, matatizo ya pombe yako F10 na tukio la sonona liko F32. Kila tatizo alilonalo kwa kweli liandikwe kwa msimbo wake. Neno "kwa kweli" lisikuponyoke. Usimwombe daktari aandike ugonjwa usiokuwepo, kwa sababu udanganyifu ukigundulika bima inaweza kufutwa, na hapo atakosa hata ya malaria.

Bima nyingi hutaka idhini ya awali. Maana yake daktari anatuma maombi kabla ya tiba kuanza, akieleza kwa nini inahitajika. Tiba ikianza kabla ya idhini, bili inaweza kubaki mikononi mwenu hata kama ingekubaliwa. Wakikataa, dai kukataa huko kwa maandishi, wataje kifungu. Kisha kaka akate rufaa ndani ya muda uliotajwa, akiambatanisha barua ya daktari. Watu wengi hukata tamaa kwenye kukataliwa kwa mara ya kwanza, na nina shaka kwamba bima nazo zinalijua hilo. Uliza pia kama kliniki iko kwenye orodha ya watoa huduma wa bima hiyo, na kaka atachangia kiasi gani kila anapohudhuria. Asilimia ndogo ikizidishwa kwa siku tatu kwa wiki si ndogo tena.

Kaka ataogopa mwajiri asijue. Woga wake una msingi. Apige simu mwenyewe kwa bima, bila kutaja ugonjwa, aulize tu taarifa gani za matibabu humfikia mwajiri. Halafu aulizie kama kazini kuna mpango wa ushauri kwa wafanyakazi. Mpango huo ukiwepo, mara nyingi huwa na vikao kadhaa vya bure na vya siri. Aulize pia kama likizo ya ugonjwa inahitaji kutaja ni ugonjwa gani.

Pili, bei ya kliniki. Bei inayotajwa kwenye simu mara nyingi ni ya kuanzia mazungumzo. Kliniki kadhaa zina viwango vinavyofuata kipato, lakini hawavitangazi, unavipata kwa kuuliza. Nenda na karatasi ya mshahara wake na orodha ya wanaomtegemea, useme: "Tunaweza kulipa kiasi hiki kwa mwezi, kwa mwaka mzima. Mnaweza kutupangia nini ndani ya hapo?" Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kulia shida, kwa sababu kliniki nayo huhangaika na watu wanaolipa mwezi mmoja kisha wakapotea. Vikao vya kundi ni nafuu kuliko vya ana kwa ana, na kwa uraibu si tiba ya daraja la pili. Weka uzito huko, ya ana kwa ana ibaki mara moja kwa wiki au wiki mbili. Na daima dai mchanganuo: kikao bei gani, kipimo bei gani, dawa bei gani. Vipimo vya mkojo ndivyo vichaka ambamo pesa hupotelea. Kipimo cha kawaida kinatosha mara nyingi, usikubali cha maabara kila wiki bila kuelezwa sababu.

Nilikwambia mwaka mzima, nawe pengine umeshtuka. Taasisi ya Marekani inayotafiti uraibu, NIDA, imekuwa ikisema kwamba tiba isiyofika siku 90 huwa na faida haba, na kwa methadoni huhesabu miezi 12 kama kiwango cha chini. Kile kituo chako cha miezi mitatu kimeichukua hiyo 90 na kuigeuza kitanda. Lakini taasisi yenyewe haikusema zote ziwe za kulala, siku 90 za kutokea nyumbani nazo zinahesabika. Basi chukua akiba yako, toa ya daktari na tathmini, toa tena fungu la dharura ambalo hutaligusa, kisha kinachobaki kigawe kwa 12. Miezi mitatu ya kwanza itakula zaidi, kwa sababu vikao ni vingi. Baadaye vinapungua: siku tatu zinakuwa moja, moja inakuwa mara mbili kwa mwezi. Pesa ikiisha mwezi wa pili, utakuwa umelipia ile sehemu ambayo kila mtu huiweza.

Nunua daftari. Nawaambia familia zote, na wachache hunisikiliza. Upande mmoja andika tarehe, alikohudhuria, ulicholipa na namba ya risiti. Upande wa pili andika gharama ambazo hakuna kliniki itakayokutajia: nauli, mtu wa kukaa na watoto jioni hizo tatu, siku alizokosa kazi. Baba mmoja alinifungulia daftari lake mwezi wa nne, tukakuta nauli imezidi ada ya kundi. Tulihamisha vikao viwili vikawa kwa njia ya simu, na mwanawe akaendelea kuhudhuria. Bila lile daftari angeacha, na sisi tungeandika kwenye faili "hakuwa na utayari". Kwa kliniki lipa moja kwa moja na uchukue risiti, usimpe kaka pesa taslimu ya kupeleka. Si dharau. Miezi ya mwanzo, pesa mfukoni ni moja ya vile vitu vinavyozungusha miguu.

Mkopo wa riba kwa ajili ya kitanda cha kituo, hapana. Kuuza kiwanja, hapana, angalau mpaka tathmini iseme kwa maandishi kwamba kulazwa muda mrefu hakukwepeki, na daktari wa pili akubali.

Vya bure navyo vipo. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, havitozi ada, na kuna vinavyokutana kwa intaneti. Vinafaa kama nyongeza ya tiba, na baada ya ule mwaka kwisha vitakuwa bado vipo. Havimfai kila mtu. Wengine lugha yake ya kiroho inawakaa vibaya, na si dhambi kujaribu kimoja ukahamia kingine. Kwa wewe na familia kuna Al-Anon, ya ndugu wa wanywaji. Nenda hata mara moja, ukasikie jinsi wengine walivyogawa mzigo. Katika barua nzima hujataja ndugu mwingine yeyote anayechangia, na hilo nimeliona.

Siku akiteleza, na kuna uwezekano, usimkatizie kliniki kama adhabu. Mpigie mnasihi kesho yake asubuhi, ongezeni vikao wiki hiyo, hapo ndipo lile fungu la dharura linapofanya kazi. Jihadhari na jambo moja: mwili uliopumzika hauwezi tena kiasi cha zamani. Akirudia kipimo chake cha mwaka jana cha pombe na vidonge pamoja, atakuwa anameza sumu. Kwa wa heroini ni hatari zaidi, na ndiyo sababu ndugu zao wanapaswa kuwa na naloksoni nyumbani, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini.

Usiku huu, kabla ya simu yoyote, kaa na kaka yako mwandike pamoja kwenye karatasi moja: jina la kidonge kama lilivyo kwenye pakiti, miligramu zake, anameza vingapi, anakunywa nini, chupa ya ukubwa gani, inaisha kwa muda gani, kinywaji cha kwanza saa ngapi, na kama amewahi kuanguka kwa degedege. Asipunguze hesabu kwa aibu, daktari atapanga dozi kwa namba hizo. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo kesho. Wale wa kituo wakipiga wiki hii kudai jibu, waambie mnasubiri tathmini, na waombe wakutumie mchanganuo wao kwa maandishi.